Mdogo Wake Mtemi wa Busenga

Utemi wa Busenga ulifutwa na Wajerumani, baada ya babu yake Gregory Ngassa kukataa kuwakusanyia kodi. Mwaka 1946 Waingereza waliurudisha. Mageni, kaka yake Gregory, alivishwa ngozi ya simba, ngoma zikapigwa siku tatu. Gregory, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni, alilia mbele za watu bila aibu. Nchi imerudi mikononi mwetu, aliwaza. Alipoitwa kuingia kwenye baraza la mtemi, aliiacha chaki siku hiyo hiyo.

Miaka minne alizungumzia shule, visima na josho la ng'ombe. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya, alimsikiliza kwa adabu, akamsifu Kiswahili chake, kisha akapita kwenye jambo lingine.

Ndipo ikaja amri ya kupunguza mifugo. Kila mwaka kila kaya ipeleke mnadani ng'ombe mmoja kati ya kumi, na wenye pungufu ya kumi watoe mmoja vilevile, malisho yapate kupumua. Gregory alisimama barazani.

"Ng'ombe ndiyo mahari yetu, ndiyo akiba ya mwaka wa njaa," alisema. "Mwaka jana mvua haikunyesha. Mkiwachukua sasa, watu watakula nini?"

"Maoni mazuri," alijibu Bwana Shauri. Karani akaandika kwamba baraza limekubali.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye ghala la pamba. Jina la Gregory lilikuwa la pili, chini ya jina la Mtemi Mageni. Alilibandua tangazo, akaenda nalo mkononi hadi kwa kaka yake.

"Futa jina langu. Mimi nilikataa, na wewe ulinisikia."

Mageni alikuwa amekaa kitini, viatu amevivua. "Nikilifuta lako, na wengine watataka yao yafutwe. Nitabaki peke yangu."

"Basi tubaki wote upande wa watu!"

"Mdogo wangu, utemi huu tumepewa. Anayekupa kitu huwa hakisahau."

Gregory alijiuzulu. Yeye na mkewe, Paskazia, wakahamia Geita, akapata ukarani kwenye mgodi wa dhahabu. Wachimbaji waliomzunguka walitoka kila pembe ya Tanganyika, na hakuna aliyejali yeye ni mtoto wa nani. Hilo lilimpumzisha. Lakini kila alipokutana na mtu wa kwao aliuliza habari za Busenga, na kila jibu lilimkosesha usingizi.

Mwaka 1954 Mageni alimfuata, amekonda. Watu walikuwa wamewafukuza walinzi wa mnada kwa fimbo, na Bwana Shauri alikuwa amempa Mageni mwezi mmoja kuwatuliza.

"Wewe unajua kusema nao," alimwambia. "Njoo."

"Amri itafutwa?"

"Sikuiandika mimi, nitaifutaje?"

"Usiende," Paskazia alimwambia mumewe chumbani. "Wanakutafuta wakikuhitaji tu."

Alikwenda. Alijiambia kwamba akifika atasema ukweli wote, mbele ya kaka yake na mbele ya Bwana Shauri.

Umati ulikuwa ukiwasubiri kwenye uwanja wa mnada wa Busenga waliposhuka garini. Gregory hakuwa amefungua kinywa alipojitokeza Mbuke, mjane aliyemfahamu tangu utotoni.

"Shikamoo, mayu," Gregory alimwamkia, kama amwitavyo mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa gari la nani?"

Gregory aligeuka. Lilikuwa gari la Bwana Shauri. Kaka yake alikuwa ameliomba kwa sababu ya umbali, naye alipanda bila kufikiri.

"Mayu, nisikilize. Amri hii niliikataa tangu mwanzo, barazani..."

"Jina lako tulisomewa," Mbuke alisema bila hasira. "Ng'ombe wangu walikuwa saba. Wamebaki wanne. Ulipokataa, ulikataa kwa sauti gani, hata sisi tusiisikie?"

Mbuke alimpa mgongo, kisha waliokuwa karibu naye, kisha wote. Walikwenda zao taratibu, kama watu wanaotoka mazikoni, huku Gregory akipaza sauti kuwaeleza, mpaka sauti ikamkauka.

Mageni aliuweka mkono begani mwa mdogo wake. "Angalau umejaribu. Twende, Bwana Shauri anasubiri taarifa."

"Mwambie mwenyewe."

Aliondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Geita, mwendo wa siku mbili. Jioni gari lilimpita, likapunguza mwendo. Mageni alifungua mlango, akamwita kwa jina lake la nyumbani. Gregory aliendelea kutembea, bila kujua ni nani kati yao wote anayemkasirikia zaidi.