Mgao wa Fintan

Siku lori la maziwa liliposhuka kwenye njia yangu kwa mara ya kwanza, nilivaa blauzi ya kanisani. Nichekeni tu. Nilikuwa nimeisubiri siku ile miaka kumi na minne.

Njia yetu ilikuwa tope tupu, na hakuna dereva Limerick nzima, huku kwetu Ireland, aliyekubali kuishuka. Ndiyo maana mume wangu Fintan, Mungu amrehemu, alishirikiana na kaka yake Colman: ng'ombe wetu ishirini na wawili, wake ishirini na sita, na tangi moja la baridi, likae kwa Colman kando ya barabara. Walitema mate viganjani, wakapeana mikono, basi. Karatasi ya nini kati ya ndugu?

Mwaka huu magoti yalimshinda Colman. Aliuza shamba kwa mtu wa Cork, ushirika ukaisha kwa amani, kila mtu akabaki na ng'ombe wake. Mimi nikamwaga zege njiani na kununua tangi langu.

Mossie, dereva, aliteremka. Hakushika mpira wa kuvutia maziwa. Alivua kofia.

"Attracta, kiwandani wamenikataza kubeba."

"Kwani yamechacha? Hebu onja, wewe!"

"Maziwa hayana neno, dada. Ila huna mgao."

Nilicheka. Mgao ni ile ruhusa ya kuuza lita fulani kwa mwaka, usizidishe hata tone, na sisi tulikuwa nao tangu kanuni hiyo ianze. "Rudi ukawaulize vizuri. Mgao wetu upo."

"Ulipimwa kwa maziwa ya mwaka themanini na tatu," alisema, macho yake yakiwa kwenye zege. "Mwaka ule yote yaliingia kwa jina la Colman, mgao ukafungwa kwenye ardhi yake. Ardhi ameiuza, na mgao umekwenda nayo. Wake na wako."

Nilikaa chini palepale na blauzi yangu. Ng'ombe ishirini na wawili, na sina ruhusa ya kuuza hata kikombe!

Colman, ambaye alikuwa bado hajahama, alisikia akaja mbio na viatu vya chumbani. "Yesu na Maria! Shemeji, nakuapia, sikujua. Nimetia sahihi Alhamisi!"

"Ulidhani unauza nini?"

"Majani na mabanda! Mgao wako si ni wako? Si tulipeana mikono?"

Nilitaka kumwita mwizi, lakini midomo ilikuwa inamtetemeka mzee wa watu.

"Hivi nani alisema tuandikishe jina moja?" akauliza.

Hapo nikaikumbuka ile fomu ya pili ya kiwandani, ya kuandikisha maziwa yetu kwa jina la Fintan. Nilisema fomu mbili kwa tangi moja ni ujinga. Mvua ilikuwa inanyesha na moto haushiki, nikaichukua nikawashia jiko.

"Mimi," nikamwambia.

Ng'ombe walikuwa wameanza kulia, viwele vimejaa, na ng'ombe hajui habari za mgao. Nilifungua bomba la tangi ili nipate pa kuweka maziwa ya jioni. Ya asubuhi yakateremka kwenye zege mpya hadi kwenye viatu vya Colman, naye akasimama palepale akilia.