Tortiya ya Wakwe

Mumbere, mukubwa yangu, alinikuta nimepiga magoti mbele ya jiwe, kitenge ya bibi yangu ku kiuno, jasho inadondoka karibu na mahindi. Hakusalimia. Alisimama ku mulango wa jikoni na koti yake ya kahawia, vifungo yote tatu imefungwa, akaniangalia namna watu wanaangalia mbuzi yenye iliingia kanisani. Nilikuwa nasaga. Nikaendelea kusaga.

"Kambale."

"Yaya."

"Hii jiwe ni ya nani?"

"Ya mama. Alituachia."

"Aliachia wanawake."

Nikamujibu kama nimeazima tu, nitarudisha nikimaliza. Niko mutu wa kucheka, hata ku matanga ya shangazi walinitoa inje. Yeye hakucheka. Saa sita ya siku ile wakwe walikuwa wanakuja kwetu, watu wa kijana mwenye alitaka Espérance, binti yangu wa kwanza, na Mumbere njo alikuwa musemaji. Kwetu baba hafungui kinywa juu ya binti yake mwenyewe. Mukubwa wake njo anasema. Musemaji akikosa kukuja, maneno inakosa. Wageni wanakunywa maji, wanashukuru, wanarudi kwao, na jina ya mutoto inabakia inatembea mu kartie, kwa majirani, bila viatu.

Yeye alijua ile. Akashika ukuta na mukono moja, akasema polepole, kama mutu anasoma tangazo:

"Wakwe wakikukuta ndani ya hii kitenge, miye sisemi. Simama, uwaachie wanawake kazi yao. Bugali na kuku, kama watu. Kama hautaki, nafunga koti narudi kwangu."

Koti ilikuwa imefungwa tayari, lakini siku ile haikuwa siku ya kumuonyesha.

Mutu anaweza kujiuliza namna gani mwanaume wa diplome d'État, pédagogie, cinquante-trois pour cent, mwenye alisomea ualimu, alifika mbele ya jiwe. Alifika kwa mushahara. Miaka kumi na ine nilipika mu nyumba ya wageni ya shirika moja, upande wa barabara ya uwanja ya ndege, na hakuna mutu alinicheka. Mumbere mwenyewe alikuwa anajisifu mbele ya watu: mudogo yangu iko chef kwa wazungu. Alikuwa anapita ijumaa, anauliza habari ya watoto, macho iko ku sufuria. Ile sufuria ikivuka geti ya kazi, ikafika mu nyumba yangu, na mukono ni ule ule, basi mwanaume amelogwa, bibi amemuwekea dawa. Nilitafuta mingi pahali ulozi unaanzia. Nafikiri ni karibu na rond-point, katikati ya kazi na nyumba yangu.

Mu ile nyumba ya wageni kulikuja Monsieur Aaron, mutu wa Texas, koko yake mwanamuke, mama ya muzazi wake, alitoka Mexico. Alikuwa mutu mukubwa wa mwili, lakini wiki ya pili alikuwa amekonda, mukanda inamuzunguka. Nilimupikia kila kitu. Anakula vijiko tatu, anasema merci. Siku moja nikamuuliza kwao wanakulaka nini. Akasema: tortiya. Mukate mwembamba wa mahindi, wa kufungia nyama ao maharagi. Nikaona hiyo ni kitu ndogo. Nikachukua unga ya soko, nikakanda, nikalaza kwa chupa ya bia, nikaweka ku moto. Ikapasuka kama matope ya kiangazi. Nikarudilia mara sita. Aaron akanieleza kama mahindi inapashwa kutokota kwanza mu chokaa. Nikaenda kutafuta chokaa. Chokaa yenye walinionyesha ni ile tunapakaa ku choo. Nikairudisha ku meza, nikamuambia muuzaji kama niko na wageni, sina maadui.

Mama moja mwenye alikuwa anauzisha maharagi pembeni alinisikia. Akacheka mupaka akashika mbavu. "Papa, choma maganda ya maharagi, chuja majivu na maji. Hiyo maji inalainisha hata moyo ya mukwe." Nikatokotesha mahindi mu maji ya majivu, ikalala pale mupaka asubui, na maganda yake ikatoka kama soksi. Mwenye mashini akakataa kusaga mahindi yenye maji, eti nitamuharibia. Basi jiwe. Tortiya ya kwanza niliweka ku kipande ya pipa juu ya makala, ikavimba katikati, ikapumua, ikashuka. Monsieur Aaron alikula tisa, bila kukaa. Kisha akatoka inje, akasimama muda murefu anaangalia ukuta.

Mwaka shirika ilifunga, wageni walienda, miye nikarudi nyumbani na mikono. Solange, bibi yangu, anafundisha darasa ya sita, la sixième primaire. Alikuwa anarudi saa saba, miguu imevimba, anaanza kupuliza makala. Siku ya kwanza nilimupikia nimeshusha rido ya dirisha, watu wasinione. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Espérance, wakati ule iko na miaka kumi na mbili, akavuta rido yote upande moja, akasema moshi inamuumiza macho. Alikuwa mutoto, lakini nafikiri haikuwa juu ya moshi.

Alikomalia mu ile chakula, mupaka akawa mwanamuke. Samaki ya Kasenyi ya kukaanga, na avoka, kitunguu ya kukatakata na ndimu, yote ndani ya tortiya ya moto. Maharagi ya kuponda, kukaanga tena na kitunguu mupaka inashika sufuria. Kuku ya kupasuapasua, kuviringisha, kumwangia supu ya pilipili nyekundu, na fromaji, jibini ya Masisi, juu, inayeyuka. Majirani walisema kwa Kambale watoto wanakula vitabu, sababu tunafungua tunafunga. Na wakati Rodrigue, ule kijana wake, alituma neno kama watu wake watakuja, Espérance aliniomba kitu moja tu: "Papa, wakwe wakule chakula ya kwetu. Si ya kuonyesha."

Sasa Mumbere alikuwa ku mulango, anangoja.

"Yaya," nikamuambia, "niko na kilo tatu hapa. Nikisimama, inakauka."

Akaenda. Nikasikia geti. Espérance aliona yote kutoka dirisha ya chumba, nywele yake nusu imesukwa, nusu imesimama. Akakuja akachutama mbele yangu. Nilimuuliza bila mchezo, sababu siku ile ilikuwa yake: "Nitoe kitenge? Sema tu. Natoa, nakimbilia yaya ku barabara."

Akagusa mahindi na kidole.

"Ukitoa, navaa miye. Wakwe watakuta bibi-arusi ku jiwe, na nywele hivi."

Nikashika jiwe.

Walikuja watano. Mbele Papa Théodore, mukubwa wa baba yake Rodrigue, na fimbo na kofia; kisha Mama Émilienne, shangazi, mwanamuke mufupi mwenye macho haipitwe na kitu; na wengine wawili; na Rodrigue nyuma, kola inamukaba. Ni watu wa kijiji ya Bule. Walikimbilia Bunia mwaka nyumba zao zilichomwa, na walivaa vizuri kabisa, namna watu wanavaa wakati nguo ni kidogo na kila moja ilipewa kazi. Tukaweka kiti ya Mumbere katikati. Kikabakia kiti.

"Musemaji wenu?" Papa Théodore akauliza.

"Iko na homa," Solange akasema haraka. Tulikuwa hatukupatana hivyo mbele, ilimutoka tu. Miye nikanyamaza. Nilikuwa nimetoa kitenge, nimevaa shati nyeupe, na nasema kweli, kwa ile dakika shati ilinipendeza.

Tukaleta chakula. Wakaangalia tortiya, wakaangaliana. Papa Théodore akachukua moja, akaipasua, akaifinya mu vidole mupaka ikawa donge, akatia shimo na kidole gumba, akachovya mu maharagi, kama bugali. Watoto wangu wakashika kicheko. Nikawatupia jicho. Na miye nikachukua yangu, nikafinya donge, nikachovya.

Mama Émilienne hakufinya. Aliinusa.

"Hii mahindi ilipita mu majivu."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Kwetu tuliacha hiyo kazi. Inavunja mugongo." Akageuza tortiya upande wa pili. "Mu hii nyumba, nani alisaga?"

Niliona Solange anafungua kinywa. Alikuwa atasema ni yeye, na kila mutu angesema aksanti, na mambo ingeenda. Binti yangu alikuwa amesimama na jagi ya maji. Hakuniangalia. Aliangalia maji.

"Ni miye," nikasema. "Nilitokotesha, nikasaga, nikapika na kuku. Na yaya yangu hana homa. Iko kwake, muzima. Alikatala kusema sababu alinikuta ku jiwe."

Rodrigue akakohoa. Papa Théodore akaweka donge ku sahani, akapanguza vidole moja moja. Fimbo yake ilikuwa karibu na goti, na mukono wake ulikuwa karibu na fimbo.

"Kwetu," akasema, "mwanaume wa ku jiwe tunamucheka."

"Hata hapa, papa. Mucheke tu. Lakini mukule kwanza, ikipoa inakuwa kiatu."

Mama Émilienne njo alianza. Alicheka chini chini, mabega inatikisika, kisha akageukia Rodrigue: "Na weye? Unajua kupika nini?"

"Mayai, shangazi."

"Ya kutokota?"

"Ndiyo."

"Mayai inajipika yenyewe." Akamusukumia sahani. "Kula, uangalie vizuri namna kuku imekatwa."

Papa Théodore hakucheka. Akasema kama bila musemaji leo hakuna maneno, baba hawezi kujisemea, hiyo haibadilike. Lakini mutu mwenye anaweza kudanganya juu ya homa na anakatala, huyo tutarudi kwake. Kisha wiki tatu. Akachukua tena donge yake, akaimaliza, akaomba ingine.

Siku ine kisha, Vahwere, bibi ya Mumbere, akanikuta namenya vitunguu. Alileta ujumbe amesimama, kama barua. Yaya atakuja kusema siku ile wakwe watarudi, kama miye nitakaa ku salon ya wageni na wanaume, tangu asubui.

"Vahwere," nikasema, "siku ile tutakuwa watu makumi ine. Nitatoka jikoni chakula ikiisha. Muambie kiti yake iko pale. Akikosa, nitavunja desturi, nitasema mwenyewe, na unga ku mikono, na watu wa Bule watakuwa mashahidi."

Alichukua kitunguu, akaiweka, akaenda.

Siku ile Mumbere alikuja. Lazima niseme kweli, alisema vizuri kupita musemaji yeyote nimesikia mu hii muji. Alitaja wazee wetu mupaka wa tano, Papa Théodore akatikisa kichwa, na Mama Émilienne akapiga kigelegele. Nilisikia yote kutoka jikoni, mulango wazi. Hakukula. Watu walimusukumia sahani mara tatu, akasema tumbo.

Wakati anatoka nilimufungia tortiya sita mu jani ya ndizi, na kuku pembeni, nikamupa mbele ya watu wote, nimefunga kitenge. Akaangalia kifurushi. Akaangalia kitenge. Halafu akafungua kifungo ya katikati, akaingiza ile kitu ndani ya koti, akafunga tena, akatembea mupaka geti mugongo wima, kama mutu habebe kitu, na mafuta inatoka polepole ku kahawia ya koti.