Santuri Isiyo na Besi

Fundi alikuwa na masikio mawili mazima, lakini kwa miezi minane aliyatilia shaka kwa sababu tu ya neno la rafiki yake. Mtu anatengeneza redio na gramafoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anaambiwa santuri hii haina besi, naye hiyo besi anaisikia inamgonga kifuani, halafu anachukua bisibisi na kufungua amplifaya kutafuta ubovu. Ujinga wa aina hiyo hauna dawa, na Fundi mwenyewe angekuwa wa kwanza kukubali.

Ila rafiki huyo hakuwa mtu wa kubishiwa. Mgodini walimwita Masikio, na hata mkewe alikuwa amesahau kumwita vingine. Kazi yake ilikuwa kugonga paa. Kabla zamu haijashuka, yeye alitangulia peke yake na mtaimbo, akapita chumba kwa chumba chini ya ardhi, akigonga mwamba ulio juu ya vichwa vya watu na kusikiliza. Mwamba ulioshikana hulia kwa sauti kavu na nyembamba. Mwamba ulioachia huguna, hutoa mngurumo mzito wa ngoma, na hapo Masikio alichora msalaba kwa chaki, na mtu hakukanyaga chini yake mpaka uangushwe. Miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye kazi hiyo, na hakuna jiwe lililowahi kumwangukia mtu mahali alipopapitisha. Masikio akisema paa ni zuri, watu walishuka wakipiga soga.

Kilichowaunganisha wawili hawa ni marehemu Nyuzi Nne, mpiga gitaa la besi wa ujana wao, aliyeimba kidogo na kupiga sana. Walikuwa wakikusanya nakala za santuri yake moja tu, ile ile, maana kwa maoni yao nyingine alizifanya akiwa amechoka. Mtu wa kawaida atauliza nakala kumi za santuri moja ni za nini. Mtu huyo asikaribishwe dukani kwa Fundi siku ya Jumamosi. Nakala iliyochapwa mwanzo kiwandani ina sauti yake, iliyochapwa baada ya kalibu kuchakaa ina yake, na iliyopigwa na sindano butu kwa miaka kumi hiyo ni habari ya msiba. Kila Jumamosi mchana walizishindanisha. Sheria yao ilikuwa moja: msikilizaji hukaa akiutazama ukuta, asijue ni ipi inayopigwa, kisha hutoa hukumu. Masikio alisema macho yana umbea.

Malalamiko yalianza kwenye harusi ya binti yake Fundi. Bendi ilipiga mpaka mabati yakatetemeka, naye Masikio akakaa amekunja uso, akisema mpiga besi amekuja kula tu. Watu walicheka sana. Baada ya hapo Fundi akapata nakala safi ya Nyuzi Nne, na Masikio akaikataa: besi hakuna. Ikapatikana ya pili, akaikataa kwa maneno makali zaidi. Fundi alibadilisha sindano, akabadilisha waya za spika, akazifungua spika zenyewe. Masikio alikuwa anasikia hata vumbi likipita chini ya sindano, anasikia mkwaruzo ambao Fundi alihitaji miwani kuuona. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba hasikii?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi hakupenda kulikumbuka. Binti yake aliolewa na mchimbaji, kijana mtaratibu, asiye na maneno mengi. Miezi mitatu iliyopita mkwe huyo alikuja dukani, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Baba," alisema mwishowe, "mtaimbo wangu uligusa paa pale tunapopumzikia. Liliguna."

"Masikio alilipitisha?"

"Alilipitisha. Nilimwambia. Akanifokea mbele ya zamu nzima, akasema nikajifunze kunyonya kwanza."

Fundi alimpa nasaha nzuri kabisa, za baba kwa mwana. Alimwambia yule mzee alikuwa anagonga mwamba wakati yeye bado anatambaa, na kumvunjia heshima mtu kama huyo mbele ya watu ni kumwaibisha na baba mkwe wake pia. Akamtuma akaombe radhi. Kijana akaenda, akaomba, akaapa hatagusa tena paa ambalo mzee amelipitisha. Jioni yake binti alipiga simu kumshukuru baba yake kwa kuyamaliza mambo.

Sasa Jumamosi hii Fundi alikuwa na nakala ya tatu. Ilitoka kwenye hoteli iliyofungwa, bado imo ndani ya nailoni ya kiwandani, haijawahi kuguswa na sindano. Aliipasua taratibu kwa wembe. Masikio aliingia saa nane na robo, mtaimbo ameuacha kazini, nywele bado zina unga wa mwamba. Chini ya kwapa alikuwa na nakala yake mwenyewe, ya kwanza kabisa, aliyoifunga kwa kitambaa tangu enzi za ujana na ambayo aliapa kwamba besi yake haina mpinzani. Akaiweka mezani, akakivuta kiti, akaugeukia ukuta.

"Haya," alisema. "Nitese."

Fundi akaweka ile mpya. Besi ilitoka mviringo, nzito, ikaingia sakafuni. Fundi alisahau hata kuvuta pumzi.

"Mbovu," alisema Masikio kwa ukuta. "Mbovu kuliko zote. Gitaa dogo lipo, matoazi yapo, Nyuzi Nne mwenyewe wamemfuta. Weka nyingine."

Kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo yote Fundi alikasirika. Alifungua kile kitambaa, akaitoa nakala ya Masikio mwenyewe, akaiweka. Ilikuwa na mikwaruzo ya umri wake, lakini besi ilikuwa ile ile waliyoifahamu tangu ujanani.

Masikio alisikiliza wimbo mzima. "Hii imezidi," alisema. "Hii mtu aliichapa akiwa usingizini. Itupe, ndugu yangu, isije ikaharibu sindano."

Fundi alibaki akiitazama lebo iliyokuwa ikizunguka. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichoingia mahali pake kilikuwa baridi. Aliusogeza mkono kwenye amplifaya, ile aliyoiunda mwenyewe, yenye vitufe vya kutenganisha sauti. Akavishusha chini vya sauti nyembamba. Akavishusha vya sauti za kati. Vya besi akavipandisha mpaka mwisho.

Duka lote liliguna. Kioo cha dirisha kilianza kulia kwenye fremu yake, bisibisi zikagongana ukutani, glasi ya maji ikaanza kutembea yenyewe juu ya meza. Mwanamke aliyekuwa akipita nje aligeuka kutazama.

Masikio alikaa mgongo umenyooka, akingoja. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa kidogo:

"Mbona umezima? Na nani anagonganisha bisibisi?"

Fundi aliushusha mkono kutoka kwenye vitufe. Kichwani mwake hakuona santuri wala gramafoni, alimwona mkwe wake amevua kofia. Alitazama saa ya ukutani. Zamu ya mchana ilishuka saa nane kamili, na mkwe wake alikuwa kwenye zamu hiyo. Alijua kwamba neno atakalosema sasa litammaliza rafiki yake, kazi na jina na kila kitu, na alijua pia kwamba asiposema atakuwa amemuua mtu. Aliogopa yote mawili kwa pamoja.

"Geuka," alisema.

"Sheria ni—"

"Geuka, bwana."

Masikio akageuka. Aliiona santuri inazunguka. Aliona kitambaa chake kimefunguliwa juu ya meza. Aliona karatasi nyeusi ya spika inaruka nje na ndani kama koo la chura, na glasi ikifika ukingoni na kuanguka. Mlio wa glasi ikivunjika aliusikia vizuri sana, maana alishtuka. Akasimama, akaenda kuweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Inapiga," alisema Masikio.

"Inapiga."

"Ni ile yangu."

"Ni yako."

Masikio akaketi kwenye kiti, safari hii akiwa ameupa ukuta mgongo. Alizeeka pale pale. "Leo asubuhi niligonga chumba kipya," alisema taratibu. "Paa lilikuwa safi. Nilirudia mara mbili kwa kulipenda. Miaka yote hii sijawahi kugonga paa safi namna ile."

Fundi alikuwa ameshaishika simu. Alimpigia msimamizi wa zamu, ambaye kituo chake kiko mdomoni mwa mgodi na ndiye mwenye simu ya waya inayofika chini. Ilipoita, akaiweka juu ya meza sauti ikiwa wazi, akamsukumia Masikio. Yapo mambo ambayo mtu hawezi kusemewa.

"Watoe watu chumba kipya," alisema Masikio.

"Mzee, si umepitisha asubuhi?" Msimamizi alikuwa anatafuna kitu. "Wameshaingia. Wanaimba huko."

"Sisikii. Sauti nzito sizisikii. Zimekufa."

Kutafuna kulikoma. "Unanitania."

"Mimi nimewahi kutania habari za paa?"

"Tangu lini?" aliuliza msimamizi.

Masikio alihesabu kwa vidole, akaacha. Hakujua. Mtu hajui siku kitu kilipoacha kusikika. Akamgeukia Fundi, na Fundi ndiye aliyejibu, maana siku yenyewe aliikumbuka, alikuwa amevaa suti.

"Miezi minane," alisema. "Tangu harusi ya binti yangu. Pengine na kabla."

"Miezi minane," alirudia msimamizi. Sauti yake ilishuka. "Mzee, handaki lote jipya tumelichimba ndani ya miezi minane. Kutoka chumba kile mpaka njia ya zamani ni mita mia tatu, na hakuna mita moja ambayo hukuigonga wewe. Nikiwaambia wakae, wamekaa chini ya paa lako. Nikiwaambia watoke, wanapita chini ya paa lako. Sasa niwaambie nini?"

Santuri ilikuwa imefika mwisho na sindano ilikuwa inakwaruza tu. Hakuna aliyeiinua.

"Huko chini kuna mtu mwenye sikio," alisema Masikio. "Yule niliyemfokea. Achukue mtaimbo, atangulie, agonge kila hatua. Wengine wamfuate mbali, mmoja mmoja, paa lisiposema vizuri wapite kandokando ya ukuta." Alisema hivyo bila kumtazama Fundi, kisha akamtazama.

Walimsikia msimamizi akiongea kwenye simu ya chini, akisikiliza, akiongea tena. Akarudi. "Amekataa. Anasema aliapa hatagusa paa ulilopitisha. Anadhani mnamjaribu."

Fundi aliinamia simu. Hakuwa na muda wa kutafuta maneno mazuri, na yale mazuri alikuwa ameyatumia vibaya tayari. "Mwambie baba mkwe wake ndiye anayesema. Mwambie alichosikia siku ile kilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyekosea. Anisamehe, agonge."

Msimamizi akaondoka tena. Nje mtu alikuwa anapunguza mwendo wa pikipiki, na katika duka la jirani mtu alikuwa anacheka. Masikio alikuwa ameegemea mbele, viwiko magotini, akijitahidi kusikia kitu kutoka kwenye ile simu, na shingo yake ilikuwa imejaa jasho.

"Ameanza," alisema msimamizi. "Anasema hapo aliposimama paa linaguna." Akasikiliza simu ya chini. "Amegonga hatua ya pili. Linaguna. Ya tatu pia, na kwenye ukuta vile vile. Anauliza aendelee au asimame."

Miaka ishirini na miwili jibu la swali hilo lilikuwa la mtu mmoja. Masikio akaisukuma simu kuelekea kwa Fundi. Fundi alimfikiria binti yake, ambaye wakati huo huenda alikuwa anaanua nguo. Kisha akasema, "Aje."