Dakika Kumi Nyuma ya Mlango

Fundi cherehani alikuwa na miezi minane hajafunga mlango wa bafu. Binti yake wa miaka tisa, waliyemwita Chiriku, aliuliza kila baada ya muda mfupi, "Mama, upo?" na mama akajibu, "Nipo." Akichelewa, mtoto alitetemeka mpaka akatapika. Basi nyumba nzima ikapinda. Bibi aliacha kuwasha redio ili sauti ya mama isikike, baba akahamia sebuleni, cherehani ikaingizwa chumbani kwa mtoto. Kumbe kadiri walivyombembeleza, hofu ilizidi kunenepa.

Mshauri wa kliniki aliwaeleza kwamba kila "nipo" ilimtuliza Chiriku kidogo, kisha ikamwaminisha kuwa bila hiyo hawezi. Waanze na dakika kumi za mlango uliofungwa.

Jumamosi asubuhi mama alirudisha cherehani chumba cha mbele, akamchuchumalia binti yake.

"Nitafunga mlango. Nitakujibu mara moja tu. Najua utaogopa, na najua utaweza."

Chiriku aliita kabla kitasa hakijatulia. Mama akajibu. Aliita tena, na tena, kisha akaanza kupiga mlango kwa viganja. Mama alikanyaga cherehani, mshono ukaenda upogo. Nje bibi alilalama kwamba mjukuu wake anateswa. Baba akamsihi bibi asubiri.

Dakika ya saba, kelele zikakatika. Hapo ndipo mama alipokaribia kushindwa. Aliinuka, akashika kitasa. Akasimama hivyo hivyo hadi dakika zikatimia.

Alipofungua, Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, kola ya gauni imelowa kwa kutafunwa. Hakuwa ametapika.

"Ulinisikia," alisema.

"Nilikusikia, mwanangu."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Mtoto alimnunia siku nzima, akataka asukwe nywele na bibi. Mama alimeza hilo.

Kesho yake wakarudia, na keshokutwa. Wiki ya tano Chiriku aliomba ruhusa ya kwenda kuruka kamba kwa jirani, akatoka bila kugeuka nyuma. Nusu saa ikapita. Mama akajikuta dirishani, shingo ndefu, tayari kupaza sauti amwite. Akaziba mdomo kwa kiganja, akavuta kiti, akakaa.