Kimeo cha Machibya

Machibya alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na mchana hakuna aliyeweza kusema ni mgonjwa. Alikimbiza vifaranga mpaka mama yao akamgeukia, alipanda kwenye kinu, na ukimpa kisogo kidogo tu unamkuta na udongo mdomoni. Shida ilikuwa usiku, tena si kila usiku. Siku kumi zingepita salama, halafu siku moja angeinuka ghafla usingizini, atapike shuka zima, alie kidogo na kulala tena fofofo. Asubuhi angeamka akidai uji.

Mama yake, Pelagia, alifika mahali akawa anaogopa jua kuzama.

Alikuwa Mpimbwe wa Usevya, ameolewa na Msukuma aitwaye Mwandu, na kaya ya wakwe ilikuwa Litapunga, mbali kidogo na majirani. Tangu mwezi wa saba Mwandu alikuwa ameondoka na ng'ombe kutafuta majani. Huko alikokuwa, simu haikushika mpaka apande juu ya kichuguu. Nyumbani walibaki watatu: Pelagia, mtoto, na mama mkwe wake, Ngolo, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa.

Asubuhi ya Jumatatu, shuka likiwa bado linachuruzika maji kwenye kamba, Ngolo alikuja akakaa kwenye kigoda mbele ya jiko.

"Mkamwana, nimefikiri sana. Huyu ana kimeo. Kinyama kile cha nyuma ya ulimi kimerefuka, kinamgusa koo akilala, ndiyo maana anatapika. Nimeshampelekea habari Obadia. Alhamisi anakuja kukikata."

Mwiko ulisimama kwenye sufuria. Pelagia alimjua Obadia, mzee wa baiskeli mwenye kisu chake kilichofungwa kwenye kitambaa. Alimkumbuka pia mtoto wa dada yake Tereza kule Usevya, aliyekatwa kimeo akavuja damu siku mbili, wakambeba mbiombio hospitali na khanga mdomoni. Alipona, lakini mpaka leo akinywa maji yanatokea puani.

"Mayu," Pelagia alimwita mama kwa Kisukuma, "tungempeleka kwanza zahanati."

"Zahanati walimpa dawa ya minyoo mwezi wa sita. Ameacha kutapika?"

"Basi tumsubiri baba yake."

"Baba yake mwenyewe nilimkatisha akiwa hivi hivi. Huoni alivyo dume?" Ngolo aliinuka, akamshika mjukuu shavu. Sauti yake haikuwa na ukali wowote.

Siku nzima alimpigia Mwandu. Kila mara yule dada wa kwenye simu alimwambia mteja hapatikani. Akawaza kuondoka. Angembeba mtoto mpaka barabarani, apande bodaboda hadi Mpanda, kisha basi la Usevya. Halafu? Ng'ombe wa mahari yake ndio waliotolewa kaka yake Respicius alipooa, wasingeweza kurudishwa. Baba yake angempa maji ya kunywa, angempa na nauli ya kurudi. Na mtoto, kwa desturi ya pande zote mbili, ni wa kaya ya Litapunga. Kila njia aliyoifuata kichwani ilizunguka ikamrudisha pale pale jikoni, penye moshi.

Jumanne jioni alimlisha Machibya ugali na mlenda mpaka mtoto akasukuma bakuli mwenyewe, akamwacha kwa bibi yake, akaenda kuokota kuni. Hakufika mbali, mti uliokatwa juzi ulikuwa bado haujachukuliwa na mtu. Akarudi mapema na mzigo wake. Alipofika nyuma ya ghala alisikia sauti ya mama mkwe, laini kama ya mtu anayeimba.

"Kunywa, baba. Kunywa ujae. Nani alale na njaa kwenye nyumba yenye ng'ombe?"

Pelagia alichungulia. Mtoto alikuwa amepakatwa, tumbo mbele, na kata ya maziwa ilikuwa mdomoni mwake. Yalimtiririka kidevuni. Kata ilipoisha Ngolo aliijaza nyingine. Ilipoisha ile, akachovya matonge ya ugali kwenye ya tatu, akamlisha kwa vidole, kisha akamlaza pale pale mapajani, akampapasa mgongo.

Hapo Pelagia akaelewa. Matapishi yote yale yalikuwa meupe, yenye mabongebonge kama mtindi, naye kwa upumbavu alidhani ni ugali. Na zile siku kumi za amani? Zilikuwa siku ambazo ndama walivunja kizuizi wakawahi kunyonya, bibi akakuta viwele vitupu.

Alitaka kutoka pale na kusema. Kisha akakumbuka. Mwaka uliopita, kijiji cha pili, mama mmoja mzee alitajwa tu kwamba mtoto wa jirani huugua akitoka kwake. Neno lilitembea kutoka kisimani mpaka kilabuni, na kabla mwezi haujaisha paa la yule mzee liliwaka moto, akahama na nguo alizovaa. Mwanamke mzee, mtoto anayetapika usiku, na mkwe anayesema nimemwona. Watu wangemalizia wenyewe kwa neno mchawi. Pelagia alishusha kuni polepole zisilie, akarudi nyuma hatua kumi, kisha akaja tena akikohoa kwa nguvu.

Usiku ule Machibya alitapika. Ilibaki siku moja.

Lakini Jumatano ilikuwa siku ya kupima watoto, na kadi ya kliniki haina ubishi. Ngolo hakukataa. Alisema tu, "Tutaenda wote," akajifunga khanga. Pelagia alijua sababu: asije akapanda bodaboda akapotea na mjukuu wa watu.

Benchi la zahanati lilijaa akina mama, na muuguzi, dada mmoja mwenye sauti ya kusikika aitwaye Scola, hakuwa na chumba cha siri. Alimtundika Machibya kwenye mzani, akaandika, akatabasamu.

"Anaongezeka vizuri. Shida nini?"

"Hutapika usiku," alisema Ngolo kabla ya Pelagia. "Ana kimeo."

Scola alimbonyeza mtoto tumbo, akauliza kama ana homa, kama anaharisha, kama anapata choo kigumu, kama hukohoa akilala. Hapana, hapana. Akamulika koo. "Kimeo chake kiko sawa na changu. Asikiguse mtu na kisu. Niambieni, jioni anakula nini?"

Pelagia alimtazama mama mkwe, na Ngolo alikuwa akitazama miguu yake. Wanawake benchini walikuwa wametega masikio. Akisema ukweli, benchi lile lote lingetawanyika nao kabla ya jioni. Akinyamaza, kesho kisu.

"Ni mimi, dada," alisema. "Nikishamlisha ugali nampa maziwa. Kata tatu. Halafu namlaza hapo hapo."

Benchi likacheka.

"Kata tatu!" Scola alishika kiuno. "Nyie mama zetu! Tumbo la mtoto huyu ni kama ngumi yake. Umelijaza chakula, ukaongeza maziwa, ukamlaza chali, yatakwenda wapi? Yatarudi yalikotoka. Mpe maziwa mapema, kikombe kidogo, acheze kwanza ndipo alale. Akishikwa na mafua anaweza kutapika tena kwa kikohozi, msishtuke. Ila akitapika kijani au damu, au tumbo likivimba, au akianza kupungua, mje mbio. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Njiani kurudi Ngolo alitangulia, mtoto mgongoni. Walifika katikati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Kisha mzee akapunguza mwendo.

"Kata tatu ni nyingi?"

"Ni nyingi, mayu."

"Hata kwa mtoto wa kiume?"

"Hata kwa wa kiume."

Wakaenda tena kidogo. "Mwaka wa njaa nilizika wawili," Ngolo aliiambia njia iliyokuwa mbele yake. "Walilia usiku kucha wakitaka maziwa." Akampandisha mjukuu mgongoni, akakaza khanga, akaongeza mwendo.

Obadia alifika Alhamisi na baiskeli yake. Ngolo alimpa uji, akamwambia hakuna kazi. "Tumeshajua. Mkamwana alikuwa anamzidishia maziwa." Pelagia alikuwa hatua tatu kutoka pale, anapepeta mchele. Aliusubiri mkono wa mama mkwe umguse, au jicho tu. Halikuja. Obadia alicheka, akasema wasichana wa siku hizi hawafundwi, akaondoka na kisu chake.

Mwandu alirudi na mvua za kwanza, na habari zilikuwa zimemfikia njiani.

"Ulitaka kuniulia mtoto kwa shibe?" alimuuliza mkewe, mbele ya mama yake. Ngolo alikuwa akipukuchua mahindi. Vidole vilisimama, vikaendelea.

"Nilikosea," alisema Pelagia. Alishalisema mara moja mbele ya watu, na sasa hakuwa na njia ya kulirudisha.

Mwandu akaamua kwamba kuanzia siku ile mtoto atakula kwa bibi yake. Na kweli, Ngolo alimlisha kwa kipimo: kikombe kimoja kidogo, jua likiwa bado juu, kisha akamwacha akimbizane na mbuzi. Pelagia alikula peke yake jikoni, akiwasikia wakicheka nje. Machibya akanenepa. Mashuka yakakauka.

Mwezi wa kwanza mafua yakaingia nyumba nzima, na usiku mmoja mtoto akakohoa mpaka akatapika. Mwandu aliwasha tochi ya simu. Mwanga ulimpita mtoto, ukasimama usoni mwa Pelagia.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Ni kikohozi."

"Nakuuliza tena."

Kutoka nyumba ya pili sauti ya Ngolo ilipenya ukutani. "Mwandu! Mwache mwenzio. Kikohozi hicho, lala."

Mwandu akazima tochi. Gizani Pelagia alimfuta mtoto mdomo, akangoja kama sauti ile ingeongeza neno lingine, la zile kata tatu. Nyumba ya pili kitanda kililia, mama mkwe akageuka kulala.