Nguzo za Shemeji

Jumatatu asubuhi mpasua mbao alinyoosha futi ya utepe kutoka nguzo ya kwanza ya banda lake jipya hadi ukuta wa jiko la shemeji yake, mjane wa kaka yake. Ijumaa, alipomaliza kupiga mabati, zilikuwa mita ishirini. Sasa zilikuwa kumi na saba. Akapima tena, maana mtu hujitilia shaka yeye kabla ya kulitilia shaka banda.

Banda lilikuwa zima. Mashine ya kupasulia mbao ilikaa sawa chini ya paa, na pimamaji halikuona kasoro. Lilikuwa limesogea tu, na mashine yake.

Kosa alilijua. Nguzo mbichi husimikwa kichwa chini na shina juu, zisije zikaota. Aliyemfundisha kazi alilisema hilo mpaka sauti ikamkauka. Lakini mvua ilikuwa inabisha hodi na mashine imelala nje, na haraka haraka haina baraka. Alizisimika vile vile zilivyokuwa zimesimama nyuma ya jiko la shemeji: miti minne iliyopandwa na marehemu kaka yake, aliyoikata siku ya tatu baada ya mazishi bila kuomba ruhusa.

"Likifika kwenye visiki watu watauliza," mkewe alisema, akizoa unga wa mbao wa kutandikia kuku.

"Watauliza nini?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nafuga kuku."

Akalifunga banda kwa mnyororo kwenye gogo. Kesho yake gogo nalo lilikuwa limeburutwa mita moja. Wateja waliifuata mashine na magogo yao, wakiuliza tu, "Fundi, leo uko huku?"

Shemeji alivifagia visiki vyake kila asubuhi, kama mtu anayengoja wageni.

"Shemeji, miti ya marehemu inarudi nyumbani," alisema. "Ikifika tutaongea."

"Tutaongea," mpasua mbao alijibu, akarudi kwenye mashine.

Wiki mbili baadaye banda lilikuwa limeulaza uzio wa mpakani, na kila nguzo ilikuwa juu ya kisiki chake, imeshikamana nacho bila hata ufa. Baba mdogo, mzee wa ukoo, akaitwa aamue. Alizigonga nguzo zote nne kwa fimbo, akaridhika.

"Miti ni ya huyu mama, hilo halina ubishi," alisema. "Na banda je?"

"Langu," alisema mpasua mbao.

"Basi banda la mtu haliwezi kukaa kwenye kiwanja cha mwenziwe. Sogezeni uzio."

Shemeji alifungua mdomo. Baba mdogo alikuwa ameshaomba maji ya kunywa.

Uzio mpya ulipita kati ya nyumba ya shemeji na jiko lake. Mpasua mbao aliujenga mwenyewe, taratibu, siku nzima. Kila kigingi alikigeuza kwanza, kichwa chini, shina juu.