Bafta ya Dirishani

Katapila lilianza kunguruma saa moja asubuhi, na Wanu tayari alikuwa juu ya kigoda, anapigilia kanga dirishani. Kanga ilikuwa imeloweshwa ndooni na maji yalimchuruzika mpaka kwapani. Ng'ambo ya barabara zilikuwa zinavunjwa nyumba za udongo ili yajengwe majumba marefu ya ghorofa. Kila ukuta ulioanguka ulitoa vumbi jekundu, na nyuma yake likaja jeupe la chokaa. Ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi kavu, mvua haijulikani itakuja lini.

"Mama, toa," alisema Shemsa kutoka kitandani. "Haipiti hewa."

Shemsa alikuwa na miaka minane na alikuwa na pumu. Alikaa kitako, mabega juu, mishipa ya shingo imesimama. Kila akivuta pumzi kifua kilipiga filimbi.

Kanga ilikuwa jaribio la nne. Walipofunga ubao wa dirisha, chumba chenye bati kiligeuka tanuri na mtoto akazidi. Chandarua kilizuia inzi tu. Gunia la mchele lilikuwa na vumbi lake lenyewe. Sasa kanga nayo, ikiloa inanata kama karatasi, ikikauka inapitisha kila kitu. Shuka ya nyumba ilikuwa moja na imekwisha, ukiinyoosha inachanika. Muuguzi mmoja alimwambia Wanu wazi kabisa: tafuta bafta, kile kitambaa cheupe chepesi cha pamba, ikunje mara mbili, iloweshe, ifue kila jioni. Bafta inashika vumbi na pumzi inapita.

Wanu aliitoa kanga. Mume alikuwa hana. Alikufa miaka mitatu nyuma. Wanu mwenyewe alikuwa akiponda kokoto, kokoto za majumba yaleyale, kwa hivyo alikuwa na fungu lake katika vumbi lile, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kumwambia mtu. Siku hiyo hakwenda kazini. Alimwacha Shemsa na bibi yake, Bi Sichana, akenda kupanga foleni duka la ushirika.

Muuzaji, Ame, alikuwa mtu mpole, kalamu haimtoki sikioni. Nyuma yake, kwenye rafu, jora la bafta lilikuwa limelala zima zima.

"Nnataka yadi tatu za bafta, ndugu Ame."

"Lete kibali."

"Kibali cha nini?"

"Cha maziko. Bafta imekuwa haba, sasa haitoki ila kwa maiti."

"Mie nnataka ya dirisha. Mtoto ana pumu, vumbi linammaliza."

Ame alifungua daftari akamwonyesha. "Nnakufahamu, dada. Lakini tazama, kila yadi ina jina la marehemu. Nikiandika dirisha hapa, nitafungwa mimi. Nenda tawini, kwenye chama, kamwone mwenyekiti."

Basi alikwenda tawini. Mwenyekiti, Silima, alimweka kwenye benchi mpaka adhuhuri, ingawa alikuwa hana kazi ila kunywa kahawa na kusikiliza redio. Hatimaye akamwita.

"Nani kafa kwako?"

"Hajafa mtu, ndugu Mwenyekiti."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Watu wa kwenye benchi walicheka. Wanu alieleza yote, kanga, gunia, maneno ya muuguzi. Silima alisikiliza huku anakoroga sukari, na sukari yenyewe siku hizo wengine walikuwa wanaiota.

"Vumbi lile ni la maendeleo," alisema. "Wenzio wanalivuta na wanaimba. Wewe unataka bafta ya kutundika. Nikikupa wewe, kesho mtaa mzima una madirisha."

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mtu akishakufa haki zake zilijulikana, na zilipimwa kwa yadi. Aliye hai alikuwa msumbufu.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake amepiga magoti mbele ya sanduku la mninga. Bi Sichana alikuwa ametoa nguo zote, na mapajani ameweka bafta nyeupe iliyokunjwa vizuri, inanukia udi na karafuu maiti. Wanu aliijua. Wanawake wazima wa umri ule hawakukubali kufa kwa nguo ya kuomba. Bi Sichana aliinunua ile kwa fedha ya kuuza makumbi ya nazi, kabla ya Mapinduzi, kwa Mhindi mmoja ambaye ameshahama, na kila mwaka baada ya mfungo aliianika, akaifukiza, akairudisha.

"Mama, hiyo ni sanda yako."

"Nnajua. Si nimeikunja mwenyewe?"

"Watu watasema tunamtabiria mtoto."

"Watu hawamsikii usiku anavyovuta pumzi. Mie namsikia. Lete misumari." Wanu alipochukua kisu, mama yake alimshika mkono. "Usiikate. Ikunje tu, iliyobaki uifunge juu. Mtoto akipona n'takuja kuitaka."

Wakaipiga misumari minne. Wakaimwagia maji. Jua lilipita ndani jeupe, na kwa mara ya kwanza tangu katapila lije, vumbi lilibaki nje. Jioni bafta ilikuwa nyekundu kwa nje na kwa ndani bado safi. Shemsa aliuliza harufu ile ni ya nini, na bibi akamwambia ni dawa. Siku ya pili mtoto alilala chali, jambo ambalo hakuliweza kwa mwezi mzima. Siku ya tatu alitaka uji wa pili na akagombana na bibi yake kwa sababu ya kitana. Wanu aliwasikia akiwa uani, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya nne alikuja Silima na watu wawili.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Kesho wageni wanakuja kutazama majumba. Wataona nini hapa? Dirisha limevaa sanda." Aliinua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili. "Na bafta hii mmeitoa wapi? Mwanao alikuja kuomba nikamnyima."

"Yangu. Nimeiweka miaka."

"Una stakabadhi?"

"Ya sanda?"

"Bafta ni bafta, bi mkubwa. Ikikaa sandukuni wakati watu wanaikosa, huko ni kuficha mali."

"Nikifa nitavaa nini?"

"Ukifa serikali itakupa," alisema Silima, na alisema kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema.

Wale wawili walivuta. Msumari mmoja uliruka ukaanguka kitandani. Wanu alisimama mlangoni akawazuia kwa mikono miwili, akasukumwa kando bila ya matusi wala pigo. Nje, ukuta mwingine uliporomoka, na vumbi likaingia chumbani.

Pumu ilirudi usiku uleule, na sindano ya hospitali ilimsaidia Shemsa siku moja tu. Walirudi kwenye kanga, wakarudi kwenye ubao. Alikufa Alkhamisi, baada ya alasiri, mkono wake umeshika pindo la nguo ya bibi yake. Kibali kilitoka papo hapo. Silima alikiandika kwa hati nzuri.

Dukani foleni ilimpisha Wanu. Ame alisoma kibali, akavua kofia.

"Pole, dada. Mungu amweke pema."

Hakugusa jora. Alichukua kitambaa kilichokunjwa pembeni ya rafu, na kabla hajakikunjua Wanu alisikia harufu ya karafuu maiti. Matundu manne ya misumari yalikuwapo, na mstari mwekundu ambao haukutoka kwa kufuliwa. Ame alipima kwa uangalifu, bila ya kuvutavuta. "Mtoto, yadi tano," akasema, akatia mkasi. Kilichobaki alikikunja akakirudisha rafuni.

"Hicho ni cha mama yangu," alisema Wanu.

"Naye kafa?"

"Hajafa."

Ame alijikuna sikio kwa kalamu. "Basi sina namna, dada."

Akaandika jina la Shemsa kwenye mstari wake, akaligeuza daftari ili Wanu atie dole gumba.